Taa Nne za Padi

Majani ya ng'ombe yaliyokatwa na umande wake, yakishatupwa horini, yana harufu yake. Plastiki iliyopata joto mkononi nayo ina harufu yake. Zikikutana hizo mbili, hata niwe mbali kiasi gani na Masama, namwona Gody. Namwona amechuchumaa nyuma ya banda la Baba mkubwa, ameshika padi ya gemu kwa mikono miwili kama mtu anayenywa chai ya moto, anangoja taa zitulie.

Sisi tuliokua wakati ule tunazijua padi. Tulizijua kwenye vibanda vya gemu, nyaya zake zimefungwafungwa kwa plasta, vitufe vimelika mpaka havina alama. Lakini padi ya baba haikuwa na waya. Ilikuwa nyeusi, nzito kidogo, ina kitufe kikubwa katikati, na juu ya kitufe kulikuwa na taa nne ndogo za bluu. Ukikibonyeza, taa zilianza kukimbizana kutoka kushoto kwenda kulia, maana yake padi inatafuta. Ikipata inachotafuta, taa tatu zilizimika na moja ikabaki imesimama. Baba alinieleza hivyo nikiwa nimekaa mapajani mwake. "Ikisimama moja, tunaanza."

Baba alikuwa fundi wa mashine za fotokopi Dar es Salaam. Kila Desemba alipanda mlimani na kompyuta yake mgongoni, na jioni, wageni wakishaondoka, tulicheza mpira. Kazi yangu ilikuwa kutazama. Nilimjua baba kwa namna alivyopiga kona. Hakuutia mpira golini kama wengine. Aliurudisha nyuma kwa mchezaji mmoja aliyesimama peke yake, akasubiri kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya, halafu akaudokoa juu ya vichwa vya mabeki. Wakati wa kusubiri alibana pumzi. Nilisikia tumbo lake limesimama mgongoni kwangu, na lilipoachia nilijua ni goli.

Mwaka ule alikuja kabla ya Desemba, ndani ya jeneza. Alikuwa ameumwa kwa muda mfupi, nami sikuwa nimeambiwa kitu. Walimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, nyuma ya banda la ng'ombe la kaka yake, kwa sababu hapo ndipo babu naye alipolala. Wakapanda masale, mimea ya heshima kwetu, kuzunguka kaburi. Mimi nilikuwa darasa la tatu, mtoto pekee wa mama yangu, na siku ya mazishi nilikuwa natazama viatu vya watu.

Ndiyo maana niliviona viatu vya Gody kabla sijamwona mwenyewe. Vilikuwa vya mpira, vimeoshwa vikawa vyeupe kabisa, na vilisimama pembeni ya vingine vyote. Alikuja na mama yake kutoka Tarakea, mpakani na Kenya kule Rombo, mama aliyekuwa anauza mitumba sokoni. Baada ya maziko yule mama alimwendea Baba mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyeifanyia mazoezi njiani, "Shikamoo shemeji. Huyu ni mtoto wa marehemu. Nimemleta amzike baba yake." Nilikuja kuelewa baadaye kwamba baba aliwahi kufanya kazi Tarakea kabla hajamwoa mama yangu. Siku ile nilielewa tu kwamba watu wote waligeuza shingo kwa pamoja. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewapa kiti pia.

Msiba ulipokwisha, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Vitu vilipangwa juu ya mkeka, na Baba mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, aligawa. Suti ilikwenda kwa mjomba. Kompyuta ilikwenda kwa mama, "ya kumsomeshea mtoto." Yeye mwenyewe alichukua koti la mvua la baba, kisha akaiinamia kompyuta na kuchomoa kitu kidogo cheusi kilichokuwa kimechomekwa ubavuni.

"Na hii flash ni yangu," alisema. "Kila Krismasi alikuwa ananiletea nyimbo za kwaya humu." Akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunika kwa kiganja.

Mkeka ulikuwa umebaki mtupu isipokuwa padi. Baba mkubwa aliitazama, akamtazama Gody aliyekuwa amesimama mlangoni na mama yake. Kumwacha aondoke mikono mitupu ilikuwa ni kumkana mbele ya kaburi bichi. Kumpa kitu cha maana ilikuwa ni kumkubali. "Na wewe kijana, chukua hiki," alisema. "Ni cha kuchezea mtoto."

Gody alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. "Asante, Baba mkubwa." Mzee mmoja alikohoa aliposikia mwenzake akiitwa Baba mkubwa na mtoto ambaye hakuna aliyejua aitweje.

Wakakubaliana hivi. Gody angebaki kwetu likizo yote, na mwaka mpya ukianza wazee wangekaa tena. Kama ni mtoto wa ukoo, angepewa jina la ukoo, angeandikishwa shule yetu, angekaa. Kama siyo, mama yake angekuja kumchukua. Baba hakuwahi kumtambulisha nyumbani, hakuwahi kuwapelekea wazee mbege, pombe yetu ya ndizi, wala kuwaambia kuna mtoto mahali fulani. "Mwenye ushahidi alete," alisema Baba mkubwa, na ninakumbuka alivyomtazama Gody aliposema hivyo, si kwa ukali, bali kama mtu anayemwomba mwenzake amsaidie.

Mama yangu alimtandikia Gody kitanda chumbani kwangu, na asubuhi alimpakulia mtori wa ndizi kwenye bakuli sawa na langu. Alikuwa akimtazama masikio. Siku moja nilimkuta amemshika sikio, analikunja na kulikunjua, halafu akaliachia na kwenda nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kuanikwa.

Mimi nilikuwa na shida moja tu: nilitaka kaka. Gody alikuwa ananizidi miaka michache, alijua kupiga mluzi kwa vidole, na tangu siku ya pili aliniita Refa, kwa sababu nilikuwa natazama kila kitu na kusema nani amekosea. Watoto wa jirani walimwita Mkenya kwa ajili ya Tarakea. "Mkenya, mmetuletea nini?" Alijibu, "Nimewaletea adabu, kaeni mstari." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jioni ya kwanza tulipowasha kompyuta ya baba, Gody alisema, "Baba alinifundisha kona."

"Kona gani?"

"Ya kusubiri."

Hakuna mtu niliyewahi kumwambia habari ya kona ile. "Alikufundishia wapi?"

"Akipita Tarakea. Alikuwa analala nyumba ya wageni, ananiita, tunacheza hiihii. Padi ikikubali nitakuonyesha. Wewe si refa? Ukiona, utawaambia wazee."

Basi nikajua ushahidi uko wapi. Akili yangu ya darasa la tatu iliona jambo lote limenyooka: padi ikubali, Gody apige kona, mimi niseme "ndiyo, hiyo ni ya baba," na Gody abaki. Sikujiuliza hata mara moja kama wazee walijua kona ni nini.

Padi haikukubali. Gody alibonyeza kitufe cha katikati, taa nne zikaanza kukimbizana, na kompyuta ikakaa kimya kama haikusikia hodi. Tulizima kompyuta tukawasha. Tulizima padi tukawasha. Tuliwasha padi kwanza, kisha kompyuta. Kisha kinyume chake. Tulipuliza matundu yote ya kompyuta, tukayasafisha kwa pamba na mate. Tulichukua waya wa kuchajia simu ya mama tukaichomeka padi kwenye kila tundu kwa zamu. Ilichaji vizuri, ikapata joto, ikanukia plastiki, lakini kwenye gemu maandishi yalikuwa yaleyale, kwamba hakuna padi. Gody alijaribu kucheza kwa vitufe vya kompyuta. Alipofika kwenye kona aliutoa mpira nje. Akajaribu tena, akautoa tena.

"Vidole vyangu havijui huku," alisema. "Vinajua kwenye padi."

Mama alipotutuma sokoni Kwa Sadala kupeleka ndizi, tulibeba na padi na kompyuta ndani ya mfuko wa shule. Kulikuwa na kijana aliyekuwa na kibanda cha gemu, anaitwa Chidi, na kwa watoto wote wa wilaya ya Hai hakukuwa na fundi mkubwa kuliko yeye. Aliipokea padi, akaipima uzito, akaigeuza.

"Hii mmeitoa wapi, madogo?"

"Ya baba," nilisema.

"Baba yako au yake?"

"Yetu," alisema Gody.

Chidi alituangalia mmoja mmoja, akaachana na hilo. Akajaribu waya wake. Akajaribu kuitafuta kwa bluetooth, kwenye kompyuta yetu na kwenye simu yake. Akafungua skrubu, akachungulia ndani, akanusa. Watoto waliokuwa wanasubiri zamu walianza kulalamika. "Inakula chaji lakini haiongei," alisema mwisho. "Mwili mzima, kichwa kimekufa."

"Inafufuka?" aliuliza Gody.

"Kwani mimi Yesu?"

Kibanda kizima kikacheka. Gody alicheka pia, kwa adabu. Njia nzima ya kupanda nyumbani, kila tulipopumzika alikuwa anabonyeza kitufe na kutazama taa zikikimbia.

Tabia hiyo ya kubonyeza ndiyo iliyotufikisha nyuma ya banda. Jioni moja tulitumwa kumpelekea Baba mkubwa majani ya ng'ombe. Alikuwa ndani anakamua, na redio yake ilikuwa imetundikwa msumarini juu, kama siku zote, inasoma taarifa ya habari. Aliamini kwamba ng'ombe akisikia redio anaachia maziwa, na aliwacheka wote waliomcheka. Tulitupa majani horini, tukazunguka nyuma, na Gody alikuwa amefika kwenye masale ya kaburi aliponiita kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

"Refa! Refa, njoo!"

Taa tatu zilikuwa zimezimika. Moja ilikuwa imesimama.

Tulikimbia nyumbani kuiwahi kompyuta. Tulipofika mlango wa jiko taa zilikuwa zinakimbizana tena. Tukarudi. Kwenye masale, ikasimama. Tukaenda hatua chache kwenye migomba ya jirani, zikakimbia. Tukarudi, ikasimama. Kesho yake jioni tulibeba na kompyuta tukaiweka juu ya jiwe karibu na kaburi. Padi ilisimama taa moja, na kompyuta bado ikasema haioni kitu.

Gody aliifunga kompyuta polepole. "Haitafuti kompyuta," alisema. "Inamtafuta mwenyewe. Na imempata."

Sikuogopa. Nawaambia kweli, sikuogopa hata kidogo. Lilikuwa ndilo jambo la kwanza lililoeleweka tangu lile jeneza. Baba alisema ikisimama moja, tunaanza. Ilikuwa imesimama, na mwenye kuishika alikuwa Gody. Tulifanya uchunguzi wetu kwa utaratibu, kama watoto wanaotaka kuwa na hakika. Asubuhi wakati wa kukamua, ilisimama. Mchana, ilikimbia tu. Jioni wakati wa kukamua, ilisimama. Tukaamua kwamba mchana baba amelala, na kwamba asubuhi na jioni anaamka, kwa sababu alipokuwa hai saa hizo ndizo alizokuwa akienda kukaa bandani na kaka yake wakipiga soga. Ilikaa sawasawa kichwani. Hakuna kilichobaki nje.

Kila jioni tulikwenda. Redio iliimba au ilisoma habari, ndoo ilipokea maziwa, na Gody alichuchumaa na padi mkononi, taa moja ya bluu usoni kwake. Alipiga kona zake bila kompyuta. Kidole gumba nyuma, akasubiri, akabana pumzi. Nilikuwa nimeegemea mgongo wake, nikasikia ubavu umesimama. Akadokoa. Nikasema, "Goli."

Ile ilikuwa kona ya baba. Mimi nilikuwa refa na niliijua.

Jumapili ambayo wazee walikaa, Gody alivaa viatu vyake vyeupe. Walikuwa Baba mkubwa na wazee wawili wa ukoo, mama yangu na bibi, mama yake baba, ambaye alikuwa haoni vizuri tena. Walizungumza mchana kutwa chini ya paa la barazani, na mwisho Baba mkubwa alimwita. "Una neno, kijana?"

"Shikamooni. Ninalo, lakini ni la jioni. Naomba mnisubiri mpaka wakati wa kukamua, mje kaburini. Baba atawaonyesha."

Wazee wawili walitazamana. Mimi nikaeleza yote, kwa mpangilio, kuhusu taa kukimbia na taa kusimama. Nilidhani watacheka. Baba mkubwa hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Tutasubiri," alisema.

Jioni ilipofika alitangulia bandani kama kawaida yake, na sisi tukakusanyika kwenye masale. Tulisikia redio inapiga kwaya, tukasikia maziwa kwenye ndoo. Gody alikuwa ameishika padi lakini hajaiwasha, anangoja mkubwa wa ukoo afike aone kwa macho yake. Baba mkubwa akasimamisha kukamua. Tulimsikia akinawa mikono, halafu akasema, labda kwa ng'ombe, labda kwetu, "Ngoja nizime hii redio. Kama mdogo wangu ana neno, nisikie."

Kwaya ikakatika. Akatoka akiwa amevaa koti la mvua la baba, ingawa mvua haikuwepo, akasimama mbele ya kaburi na kuvua kofia.

"Haya, mwanangu. Bonyeza."

Taa nne zilianza kukimbizana. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Gody alitabasamu, akasogea mpaka viatu vikagusa masale. Zikakimbia. Akazunguka upande wa kichwani. Zikakimbia. Padi ikachoka ikajizima, akaiwasha tena.

"Subirini," alisema. "Huwa inasimama."

"Inasimama," nilisema. "Mimi nimeiona. Kila siku."

"Mtoto huona anachokipenda," alisema mzee mmoja, bila ubaya. Mwenzake akaongeza, "Labda inataka mbege kwanza," na wakacheka kidogo puani. Bibi aliuliza kwa Kichagga ni nini kinachoendelea, na mama akamwambia, "Hakuna kitu, mama. Ni taa."

Baba mkubwa aliinama karibu na padi. "Bonyeza tena, mwanangu," alisema. Baada ya muda akasema tena. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kuanza kurudi barazani naye bado amesimama, kofia mkononi, shingo ameinyoosha kama mtu anayesikiliza ukuta. Ng'ombe alilia bandani, alikuwa hajamaliziwa kukamuliwa. Mwisho Baba mkubwa alimshika Gody bega. "Nilitaka sana iwe hivyo," alisema. "Mungu anajua nilitaka." Akarudi kumalizia ng'ombe. Hakuwasha redio tena jioni ile. Gody alikuwa ameiacha padi ijizime, na hakuiwasha.

Uamuzi ulikuwa wa upole, na naukumbuka neno kwa neno kwa sababu mama aliurudia usiku ule peke yake jikoni: mlango uko wazi, aje wakati wowote, ni mgeni wetu. Mgeni hupewa chakula kizuri kuliko mwenyeji. Lakini mgeni huondoka.

Mama yake alikuja kumchukua kabla shule hazijafunguliwa. Mama yangu alimfungia mkungu wa ndizi, akaukaza kamba mara mbili, akaushika muda mrefu kabla hajaukabidhi. Wale mama wawili walisema "aika" na "aika," asante na asante, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti. Gody aliniinamia sikioni.

"Alikuwepo, Refa. Alinyamaza kwa sababu wao walikuwepo. Sisi tunajua."

Aliitia padi ndani ya shati, akashika upande mmoja wa mkungu, mama yake upande mwingine, wakateremka. Hakurudi. Mwanzoni tulipata salamu, baadaye hata salamu zikakoma.

Mwaka huu Baba mkubwa amefariki. Wazee wamekaa, vitu vimewekwa juu ya mkeka, na nilipoulizwa nataka nini nikasema redio, kwa kuwa hakuna aliyeitaka na mimi nimekua nikiisikia. Niliishusha msumarini mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo mgongo wake ulikuwa umeelekea ukutani. Nilipoigeuza kufuta utando wa buibui, niliona kitu kidogo cheusi kimechomekwa nyuma.

"Hiyo ni flash ya baba yako," alisema Mama mkubwa, mjane wake. "Haijawahi kuimba hata siku moja. Nilimwambia aitupe. Akasema, mdogo wangu hakuniachia wimbo, ameniachia kopo lake tupu, likae."

Haikuwa flash. Nimekwisha kuviona vidude vya namna hiyo vingi. Ni mwenza wa padi: chenyewe hukaa kwenye kompyuta, padi hukaa mkononi, na viwili hivyo ndivyo vinavyozungumza. Bila hicho kompyuta haiwezi kujua kama padi ipo duniani. Na kidude chenyewe hakichagui kilipochomekwa. Kikipata umeme tu, hata wa redio, kinaita, na padi ikiwa karibu inaitika na taa yake inasimama. Redio ikizimwa, kinakufa. Nilibaki nimesimama bandani, nikapanga kila kitu mahali pake, asubuhi, mchana, jioni, na ile Jumapili. Hakuna kilichobaki nje.

Nilimtafuta Gody. Mama yake bado anajulikana sokoni Tarakea, na haikuwa kazi kupata namba. Alipokea akiwa mahali penye kelele za magari. Nilijitaja, akasema, "Ee! Za siku nyingi, dada," na baada ya pole za msiba nilishindwa kusubiri. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyowaeleza wazee. Kidude, msumari, kwaya iliyokatika. Nilikuwa nimejiambia ana haki ya kujua kwamba hakusema uongo, kwamba taa ilisimama kweli, kwamba sisi wawili tulikuwa sahihi na wao ndio waliokuwa hawajui.

"Kwa hiyo ilikuwa redio," alisema.

"Ilikuwa redio."

"Zile jioni zote."

"Zote."

"Nina mtoto wa kiume," alisema. "Nimempa jina la baba. Huwa namsimulia ile habari kabla hajalala. Ile ya taa." Nilisikia gari likipiga honi karibu naye. "Haya, dada. Asante kwa kunijulisha."

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya banda, masale mbele yangu yamekuwa marefu kuliko mimi. Ndani, Mama mkubwa alikuwa anakamua, na redio ilikuwa mapajani mwangu inasoma taarifa ya habari. Mgongoni mwake nuru ndogo ya bluu ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, inaita. Nilinyoosha mkono nikaizima redio, kama Baba mkubwa alivyoizima siku ile ili asikie vizuri.